Kura za maoni kabla ya uchaguzi wa rais: maswali yanayoulizwa kila msimu wa kampeni

Kampeni zikianza tu maswali ni yale yale, kwa matatu, kwa kinyozi, kwa magrupu ya WhatsApp ya familia mpaka shangazi anatoka kwa grupu akiwa amenuna: hizi kura za maoni, zile tafiti za kuuliza watu watampigia nani, ni za ukweli ama ni biashara ya watu? Nimeyakusanya hapa nikayajibu vile ninavyojua. Mifano mingi ni ya Kenya sababu huku tumekuwa nazo kila uchaguzi tangu zamani, Tanzania pia nimeigusa.

Kwa kifupi tu, niziamini ama nisiziamini?

Ziamini zikikuonyesha mbio ziko vipi, nani yuko mbele wapi, nani anapanda nani anashuka. Usiziamini zikikutajia mshindi wakati wawili wa mbele wamekaribiana. Kama kampuni tatu nne tofauti zinasema huyu ana 60 na yule ana 25, huyo wa 25 aanze kuandika hotuba ya kukubali kushindwa. Kama ni 47 kwa 44, hapo hakuna anayejua, hata aliyefanya huo utafiti hajui, na akikwambia anajua anakuuzia kitu.

Mbona 2022 walisema Raila na akatangazwa Ruto?

Hili ndilo swali namba moja na mimi naona watu wengi wanalijibu vibaya. Tuangalie namba zenyewe. Wiki ya mwisho kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, kwa kampuni za utafiti, TIFA walimpa Raila 46.7 na Ruto 44.4, Ipsos wakasema 47 kwa 41, Infotrak wakasema 49 kwa 41. IEBC, tume ya uchaguzi, ikatangaza Ruto 50.49 na Raila 48.85.

Sasa linganisha polepole. Ya Raila haikukosewa! 46.7, 47, 49, na debe likatoa 48.85, hapo huwezi kumlaumu mtu. Aliyekosewa ni Ruto, alipewa 41 mpaka 44 akaibuka na zaidi ya 50. Hizo alama sita mpaka tisa zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa zilitoka kwa wale waliosema "sijaamua" na wale waliokataa kusema kabisa. Watu walisoma zile namba mbili kubwa juu wakasahau kwamba chini kuna kikapu cha watu ambao hawajasema lolote, na hicho kikapu si lazima kigawanywe nusu kwa nusu, kinaweza kumwendea mtu mmoja karibu chote.

Halafu kuna eneo la Mlima Kenya. Rais aliyekuwa anaondoka, Uhuru Kenyatta, alikuwa anamuunga mkono Raila, mgombea mwenza wa Raila alikuwa Martha Karua, mtu wa huko huko Kirinyaga, na tafiti zikawa zinampa Raila kipande cha maana pale. Debe lilimpa kidogo kuliko hicho. Ukijiweka kwa nafasi ya mzee wa Murang'a anayeulizwa na mtu asiyemjua, na serikali yote ikiwa upande mmoja, unaelewa kwa nini jibu rahisi ni "bado naangalia".

Na la tatu, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: kujitokeza. Waliojiandikisha walikuwa milioni 22.1, waliopiga kura kama milioni 14.3, yaani asilimia 65 hivi, wakati 2017 ilikuwa zaidi ya 75. Huku kwetu Mombasa, ngome ya Raila tangu enzi, hata nusu ya waliojiandikisha hawakutokea! Utafiti ulimuuliza kijana wa Likoni unampenda nani, akasema Baba, yaani Raila, akahesabiwa, na siku ya kura akabaki kitandani. Tofauti ya mwisho ilikuwa kura 233,211 nchi nzima. Utafiti wa watu elfu mbili hauwezi kuona tofauti ndogo namna hiyo, hata ufanywe na malaika.

Watu elfu mbili watajuaje tunachotaka watu milioni 22? Mimi sijawahi kuulizwa na simjui aliyewahi kuulizwa.

Ni kawaida. Elfu mbili kwa milioni 22 ni mtu mmoja kati ya elfu kumi na moja, kwa hivyo mtaa mzima unaweza kukaa chaguzi tatu bila mtu kuhojiwa, hilo si ushahidi wa uongo.

Kinachofanya kazi si wingi wa watu ila ni jinsi walivyochaguliwa. Marekani 1936 kulikuwa na jarida linaitwa Literary Digest, lilituma kadi kama milioni 10 na likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Anwani nyingi walizitoa kwa orodha za wenye simu na wenye magari, na wakati ule wa dhiki mwenye gari na simu hakuwa mwananchi wa kawaida. Mwaka huo huo George Gallup alihoji watu wachache kabisa ukilinganisha na wale, akapatia mshindi, sababu alichagua kwa mpango.

Na Kenya tunao mfano wetu. 2022 Infotrak ndio walihoji watu wengi, kama 9,000, na ndio walikuwa na pengo la alama nane kwa upande wa Raila. TIFA kwa watu wachache zaidi walikuwa na pengo la alama mbili tu.

"Kiwango cha makosa ni asilimia 2." Maana yake nini hasa?

Maana yake kila namba ina nafasi ya kuyumba juu au chini kwa kiasi hicho. Ukihoji watu 1,000 waliochaguliwa vizuri, yumba ni kama 3, ukihoji 2,000 ni kama 2.2, ukihoji 9,000 ni kama 1. Sasa chukua ile 46.7 kwa 44.4 na yumba ya 2.2: wa kwanza anaweza kuwa kati ya 44.5 na 48.9, wa pili kati ya 42.2 na 46.6. Zinaingiliana. Kichwa cha habari kilichosema fulani anaongoza kilikuwa kweli kwa namba lakini si kweli kwa maana.

Na hapo kuna jambo halisemwi kwenye taarifa ya saa moja. Hicho kiwango kinapima bahati peke yake, ile bahati ya kuangukia watu hawa badala ya wale. Hakipimi mtu aliyedanganya, hakipimi aliyekata simu, hakipimi atakayelala siku ya kura, hakipimi swali lililoulizwa kwa ujanja. Kwa hivyo makosa ya kweli mara nyingi ni makubwa kuliko yaliyoandikwa, mimi binafsi nazidisha mara mbili ndipo naanza kusoma.

Na zile za mkoa kwa mkoa?

Hapo ndio kuna kichekesho. Pwani ni kama asilimia 9 ya Wakenya wote, kwa hivyo kwenye utafiti wa watu 2,000 Pwani inapata watu kama 180, kuanzia Lamu mpaka Lunga Lunga. Watu 180 yumba yake ni zaidi ya 7. Ukiona gazeti limeandika eti fulani ameporomoka Pwani kwa alama 5, geuza ukurasa usome michezo.

Hao wahojiwa wanapatikanaje?

Njia ni mbili kubwa. Ya kwanza ni mlango kwa mlango. Mhojaji anapewa eneo, anaanzia alama fulani, tuseme shule ama msikiti ama duka, anaruka nyumba kadhaa kwa hesabu, anagonga, akifunguliwa haulizi yeyote aliyefungua, anachagua mmoja kati ya watu wazima wa nyumba ile kwa utaratibu aliopewa, halafu anatoa tableti anaanza. Kwa karatasi ni safi. Kwa mlango ni hivi: mama anafungua nusu, anaangalia ile kitambulisho shingoni, swali lake la kwanza ni "umetumwa na nani?" Ukisema kampuni ya utafiti anasikia chama. Jirani anasogea kusikiliza. Mama anamwita mzee atoke, mzee anasema muulize mimi huyu hajui siasa, na kwa utaratibu aliyechaguliwa ni yule mama. Hapo mhojaji mwenye njaa ambaye bado ana nyumba nyingi za kumaliza kabla jua halijazama anaweza kumhoji mzee akaandika mama. Kampuni zenye nidhamu zinampigia mama baadaye kuhakikisha na zinaangalia GPS ya tableti. Zisizo na nidhamu haziangalii.

Ya pili ni simu, ambayo imekuwa ya kawaida sana sababu ni rahisi na haraka. Shida yake kila mtu anaijua: namba usiyoijua ikiita unadhani ni wale wa mikopo ya simu. Anayepokea na akakubali kuongea siasa dakika kumi na tano na sauti asiyoijua si sawa na yule aliyekata. Nyanya yangu wa Kwale ana kura lakini simu anashika mjukuu.

Baadaye wanasawazisha kwa hesabu, wakipata wanaume wengi wanapunguza uzito wao, wakikosa vijana wanawaongeza, wakifuata sensa ya 2019. Inasaidia. Lakini ukipata mzee mmoja wa Garissa ukamhesabu kama watatu, umebeti kwamba wale wawili uliokosa wanafikiri kama yeye.

Watu si wanadanganya tu?

Wengine ndio. Wengi hawadanganyi, wananyamaza, na kunyamaza ndiko kubaya zaidi manake hakuonekani. Mtu anayeishi katikati ya ngome ya wapinzani wake, na anakumbuka ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, hawezi kumtajia mgeni jina.

Nani analipa? Hawa si wamenunuliwa?

Kenya kuna sheria, ya mwaka 2012, ya uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi. Anayechapisha lazima aseme nani alitoa pesa, nani alifanya, watu wangapi, lini, wapi, maswali yalikuwa yapi, na kiwango cha makosa. Na siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi hakuna kuchapisha.

Sasa je wananunuliwa? Kuna vikampuni ambavyo vinazaliwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi na kufa siku ya matokeo, havina ofisi, tovuti ilifunguliwa juzi, na kila mara mgombea fulani anaongoza kwa 20. Hivyo ni mabango ya kampeni yaliyovaa suti. Lakini kampuni kubwa zinaishi kwa kuuza utafiti wa sabuni, benki na mitandao ya simu, uchaguzi kwao ni tangazo la kuonyesha wanajua kazi, kwa hivyo kukosea kunawauma mfukoni. Mimi siamini sana ile hadithi ya hongo kwao, naamini zaidi uzembe, haraka na bajeti ndogo. Kinachonikera ni kitu kingine: vyama vina tafiti zao za ndani, na hizo zinavuja siku zikiwa nzuri tu. Ukisikia "utafiti wetu wa ndani unaonyesha", hiyo si habari.

Kabla ya 2022 ziliwahi kupatia?

Hapa tukae kidogo maana Kenya ina kitendawili cha ajabu.

2007 kampuni ya Steadman, ambao baadaye waligeuka Synovate na mwishowe wakaingia Ipsos, walikuwa na Raila mbele muda mwingi wa kampeni, pengo likapungua mwishoni. Tume ikamtangaza Kibaki kwa tofauti ya kura kama 230,000, na yaliyofuata tunayajua. Tume ya Kriegler, iliyoundwa kuchunguza uchaguzi huo, ikasema haiwezekani tena kujua nani alishinda kweli, hesabu zilikuwa zimevurugwa kiasi hicho. Sasa utasema utafiti ulikosea kwa kulinganisha na nini?

2013 tafiti za mwisho zilisema Uhuru na Raila wako bega kwa bega, wote katikati ya 40. Matokeo Uhuru 50.07, Raila 43.31. 2017 Ipsos wakasema Uhuru 47 Raila 43, Infotrak wakasema Raila 47 Uhuru 46, IEBC ikatangaza takriban 54 kwa 45, halafu Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi huo wa rais. Na 2022 nimeshaisema.

Ukizipanga hizo tatu za mwisho unaona: namba ya Raila kila mara ilikaribia kile tume ilichotangaza, namba ya mpinzani wake kila mara ilikuwa chini ya iliyotangazwa. Kila mara! Muulize mtu wa Azimio, muungano wa Raila wa 2022, atakwambia umeona sasa, kura ziliongezwa. Muulize wa upande wa pili atakwambia wapiga kura wa mlimani hawaongei na wahojaji na wanatokea wote siku yenyewe wakati ngome za Raila zinalala. Mahakama ilikubali matokeo ya 2013 na 2022, ikafuta ya 2017. Kura ya maoni peke yake haiwezi kuamua ubishi huu na mtu asikuletee ya wiki ya mwisho kama ushahidi wa wizi, wala ushahidi wa usafi.

Basi tunajuaje kama matokeo yaliyotangazwa ni ya kweli?

Kwa hilo kuna chombo kingine, ile hesabu sambamba ambayo waangalizi wanachagua sampuli ya vituo, si ya watu, na wanaandika matokeo halisi yaliyobandikwa pale mlangoni. Hakuna kudanganya, hakuna "nitaamua", kura imeshapigwa. ELOG, kundi la waangalizi wa Kenya, walifanya 2022 wakapata Ruto 50.7 na Raila 48.7, karibu kabisa na IEBC. Mimi hii naiheshimu kuliko utafiti wowote wa kabla.

Kuhoji watu wakitoka kituoni je?

Kenya si desturi sana. Ulifanyika mmoja 2007, wa shirika la Marekani la IRI, ulikuwa na Raila mbele kwa alama kama sita, ukafungiwa kabatini na kutoka hadharani 2008 baada ya damu kumwagika. Watu bado wanabishania hadi leo.

Tanzania ilikuwaje?

2015 shirika la Twaweza kwa njia ya simu walimpa Magufuli 65 na Lowassa 25, Ipsos wakasema 62 kwa 31. UKAWA, muungano wa upinzani uliomsimamisha Lowassa, walichachamaa wakasema ni upuuzi. Tume ikatangaza 58.46 kwa 39.97. Mshindi walimpata, pengo wakalikosa vibaya, na tena mchezo ni ule ule, wa pili ndiye aliyepewa kidogo, na wengi waliokuwa wanamtaka mpinzani hawakuwa na haraka ya kusema.

Halafu 2018 Twaweza wakatoa utafiti kwamba kukubalika kwa Magufuli kumeshuka mpaka 55 kutoka 96 ya 2016. Wakaandikiwa barua na COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, kuhusu kibali cha utafiti, mkurugenzi wao Aidan Eyakuze akanyang'anywa pasipoti. Mahali ambapo mtafiti anaogopa kutoa namba, jua anayehojiwa anaogopa mara kumi.

Kura za X, Facebook na redio?

Hapana. Hiyo ni kuhesabu mashabiki waliokuwa macho.

Nimetumiwa video yenye nembo ya BBC ikisema fulani anaongoza.

2017 zilisambaa video feki zenye nembo za BBC na CNN zikitangaza kura za maoni za Kenya, zimetengenezwa safi kabisa, mashirika yenyewe yakazikana. Na wakati ule hakukuwa na hizi akili mnemba za sasa. Nenda kwa ukurasa wa kampuni iliyotajwa, kama utafiti haupo pale, haupo.

Mgombea akipanda ghafla niamini?

Inategemea unalinganisha nini. Usilinganishe TIFA wa mwezi jana na Infotrak wa wiki hii ukasema amepanda, kila kampuni ina njia yake na mwelekeo wake. Linganisha kampuni na yenyewe. Mei 2022 Karua alipotajwa, TIFA wakatoa Raila 39 Ruto 35, na kwa utafiti wao wenyewe wa nyuma Ruto ndiye alikuwa mbele, hapo unajua kweli kitu kimesogea. Lakini kilisogea Mei, kura ilikuwa Agosti, na msisimko wa kutajwa mgombea mwenza huwa unapoa.

Utafiti ukisema 49, si huyo ameshinda?

Kwa Kenya hapana. Rais anahitaji nusu ya kura zote na moja juu, na angalau robo ya kura kwenye kaunti 24 au zaidi. Swali la utafiti mzuri ni kama kuna duru ya pili, na hilo ndilo gumu zaidi manake linaamuliwa na nusu asilimia.

Zinabadilisha kura za watu?

Za wananchi kidogo sana nadhani. Zinabadilisha zaidi wanasiasa, mbunge akiona upepo anahama, na wenye pesa, wao hawapendi kumfadhili anayeshuka. Ndio maana wagombea wanazipigania hivyo huku wakisema hawaziamini.

Tunaelekea Agosti 2027, nikiletewa utafiti niangalie nini kwanza?

Tarehe ya kuhoji, si tarehe ya kutangaza, wakati mwingine kati yake kumepita wiki tatu na mgombea mmoja ameshajiondoa. Halafu wasioamua na waliokataa jumla ni wangapi, ikiwa ni wengi kuliko pengo la wawili wa mbele, hakuna anayeongoza. Halafu kama waliuliza "utapiga kura kweli?" ama "ulipiga mara iliyopita?", wengi hawaulizi ama wanauliza na hawatumii jibu. Aliyelipa mwangalie pia, lakini usianzie hapo, watu wakianzia hapo hawafiki kwingine.

Nikipigiwa simu nijibu?

Jibu, na ukitaka kukataa swali moja kataa hilo moja uendelee na mengine. Muulize jina la kampuni mwanzoni. Mhojaji wa kweli atakuuliza umri, kaunti, labda elimu. Hakuulizi namba ya kitambulisho wala hakutaki utume pesa ya kujisajili, na akigusia PIN ya M-Pesa huyo si mtafiti, kata simu na umblok.